Kidonda Kisicho na Harufu

Katika chumba cha kufulia cha hospitali ile walikuwa wanawake sita na mwanamume mmoja, wote madobi, lakini jina la Dobi alibaki nalo mmoja tu, kana kwamba wengine walikuwa wanajaribu. Doa la damu likigoma, analetewa yeye. Analimwagia maji baridi, analitia chumvi, analisugua kwa kidole gumba huku akizungumza mambo mengine kabisa, na likishatoka analipeleka shuka puani. Kunusa ndiko kulikokuwa kipimo chake cha mwisho. Macho yake aliyaamini nusu, pua yake aliiamini yote.

"Siku ukifa wewe," yule mwanamume wa kwenye pasi kubwa, ambaye wote walimwita Pasi, alimwambia, "watakaokuja kukuosha watakuta umeshajifua na kujianika."

"Na kujikunja," akajibu Dobi. "Nitawaachia kubeba tu."

Alikuwa na mume dereva wa lori, ambaye kwa mwezi alionekana nyumbani siku sita au saba, na binti wa miaka minne aliyeitwa Kifungo kwa sababu ya pua yake ya mviringo. Mtoto alishinda na bibi yake, mama wa mume, mwanamke mpole mwenye magoti mabovu. Dobi na mkwewe hawakuwa na ugomvi. Hawakuwa na mapenzi mazito pia. Waliishi kama watu wawili wanaobeba beseni moja la maji, kila mmoja akitazama upande wake usimwagike.

Jumamosi moja asubuhi Bibi aliweka kikombe cha chai juu ya kigoda, akageuka kufunika birika. Kifungo akavuta kitambaa cha kigoda. Chai ikamwagika juu ya mkono wake wa kushoto, kati ya kiwiko na kiganja, ikaacha alama isiyozidi kiganja cha mtoto mwenyewe. Bibi akamtia mkono kwenye maji baridi, akafanya vizuri, akamshikilia humo hadi kilio kikawa kwikwi. Dobi alipotoka zamu mchana alikuta lengelenge limeshapasuka. Muuguzi mmoja waliyefahamiana alilitazama, akasema ni dogo, liwekwe safi.

Liwekwe safi. Kumwambia Dobi hivyo ni kama kumwambia samaki alowe.

Alichukua shuka kuukuu lililostaafu, akalikata vipande virefu. Akavichemsha nusu saa kwa saa ya ukutani. Akavianika juani, akavipiga pasi vikiwa na unyevunyevu hadi mvuke ukalia. Kisha akamkalisha Kifungo mapajani, akaibana ncha moja ya kitambaa kwa midomo, kama madobi wanavyobana vibanio mikono ikijaa, na kwa mikono yake miwili akauzungusha ule mkono mdogo, kila mzunguko ukipanda nusu ya mwenzake, hadi ncha ya pili ikachomekwa bila fundo. Ilikuwa kazi ya kutazamika. Kifungo aliuinua mkono wake juu akauonyesha mlango, dirisha na paka wa jirani.

Kila asubuhi Dobi alifungua, akanusa, akafunga upya. Hakukuwa na usaha wala harufu, na nyama ilikuwa nyekundu ya waridi, kavu, nzuri. Alimwambia Pasi kazini kwamba hata wodini hakuna kidonda kisafi kama kile.

Jumanne Kifungo aliamka na homa. Akatapika chai, akatapika maji, akaendesha mara tatu kabla ya saa mbili. Bibi alimpangusa uso, akasema polepole, kama mtu anayegonga mlango asio na uhakika nao, "Mama Kifungo, au ni huo mkono?"

"Mkono hauna neno, mama. Nimeunusa sasa hivi."

"Mimi nauliza tu."

"Na mimi nakujibu."

Akambeba mtoto mgongoni hadi hospitalini, kwenye chumba cha wagonjwa wa nje. Tabibu alikuwa kijana mchapakazi, mwenye foleni iliyofika hadi kwenye ngazi. Akamtazama Kifungo koo, ulimi ulikuwa mwekundu. Akamtazama kifua, ngozi ilikuwa imewiva kama ya mtu aliyelala juani.

"Kuna virusi vinazunguka," akasema. "Wiki hii nimeona watoto kumi na wawili hivi hivi. Na hapa pana nini?" Alikuwa ameshashika ncha ya kitambaa.

"Chai, siku ya nne leo. Ni kisafi, daktari. Nimekifunga asubuhi hii, hata harufu hakina."

Tabibu akaipitishia kidole ile mizunguko. "Nani kafunga? Wodini kwetu hawafungi hivi."

"Mimi. Niko hapa hapa, kufulia."

"Ahaa, ndiye wewe." Akatabasamu, akauachia mkono. "Basi tusiharibu kazi ya watu."

Akampa dawa ya maji ya kushusha homa na pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji. Dobi akatoka. Baadaye, katika yote yaliyomtafuna, hili ndilo lililotafuna hadi mfupa: kwamba alipopita kwenye ile foleni, mtoto akiunguza mgongo wake kama pasi, yeye alikuwa anajisikia vizuri. Alikuwa amesifiwa.

Jumatano alfajiri Kifungo hakulia. Alilala macho nusu wazi, mekundu, na alipoitwa aligeuza kichwa kwa uvivu kana kwamba ameitwa mtoto mwingine. Bibi akapapasa nguo yake ya ndani.

"Hajakojoa tangu jana mchana," akasema. "Mkavu kabisa huyu."

Dobi alikuwa ameshafika nje, mtoto mgongoni.

Daktari wa watoto alikuwa mama wa makamo, mwembamba, mwenye viatu vya kandambili na sauti ya mtu aliyechoka kurudia maneno. Alibana ukucha wa Kifungo hadi ukawa mweupe, akauachia, akahesabu kimya akingoja wekundu urudi. Ulichelewa. Akapima presha, akapima tena. Akaita watu wawili kwa majina ya kazi zao tu, akaomba maji ya mshipa, na wakati huo huo akachukua mkasi akaupenyeza chini ya kile kitambaa.

"Hicho ni kisafi, daktari," Dobi akasema. Ilimtoka yenyewe.

"Nakiona."

Akakikata kutoka mwanzo hadi mwisho. Mizunguko yote ikaanguka kando kama maganda. Kidonda kilikuwa vile vile, cha waridi, kikavu, kisicho na harufu. Dobi akatazama usoni kwa daktari akitegemea kuona aibu kidogo. Hakuiona. Daktari alikipangusa kwa kijiti chenye pamba, akakitia kijiti kwenye kichupa, kisha akakiosha kile kidonda kwa maji mengi, akakiosha tena, kama anayefua kitu kilichoonekana cheupe kwa wote isipokuwa yeye.

Walimlaza katika chumba cha wagonjwa mahututi, chenye vitanda vinne na dirisha moja la juu. Kila mgonjwa alikuwa na kikadi kimoja cha njano cha mtu wa kumhudumia. Aliyekishika anaingia, mwingine anabaki nje. Kikadi alikishika Dobi.

Mchana daktari alimkuta amesimama ukutani, akamwambia akae, akakaa naye.

"Atapona?"

"Sijui. Nitakudanganya nikisema ninajua."

"Kinga yake ndiyo ndogo? Anakula vizuri, daktari. Hajawahi hata kuugua."

"Kinga yake haina kasoro. Hapo ndipo penye tabu." Daktari akafikiri. "Wewe uko kufulia. Gunia la nguo chafu likija, nani analifungua?"

"Kila gunia lina kibati cha namba. Mwenye namba hiyo ndiye anafungua. Wengine hatugusi."

"Kwa nini?"

"Kuna la upasuaji, linaweza kuwa na sindano. Kuna la wenye kuambukiza. Kila mtu kafundishwa lake."

"Mwilini ni vivyo hivyo. Tuna askari wengi kuliko unavyoweza kuhesabu, na kila mmoja ana namba yake. Kijidudu kikiingia, mwili unakikatakata, unatundika kipande nje kama hicho kibati. Anayeamka ni askari mwenye namba ile. Katika elfu kumi, mmoja. Anatosha, anaanza kazi, anaita msaada kwa kiasi. Sawa?"

"Sawa."

"Sasa kuna vijidudu vingine. Vinakaa juu ya kidonda, havichimbi, haviozeshi. Vichache tu. Vinatema sumu, na sumu inaingia kwenye damu. Sumu hiyo haisomi kibati. Inashika gunia lolote na mkono wa askari yeyote aliye karibu, inavifunga pamoja kwa nje, kwa kamba. Askari akijiona ameshika gunia, anadhani zamu ni yake. Badala ya mmoja katika elfu kumi, anaweza kuamka mmoja katika watano."

Dobi alikiona chumba chao cha kufulia. Aliwaona wote wakifungulia mabomba, wote wakimwaga dawa ya kung'arisha, Pasi akishusha lile dude lake la moto juu ya kila kitu, maji yakifika magotini.

"Wanaharibu mashuka yenyewe," akasema.

"Wanaharibu mashuka yenyewe. Kila askari anapiga ukelele wa hatari. Homa ni huo ukelele. Wekundu ni huo ukelele. Mishipa inalegea, inavuja, maji ya damu yanatoka yanakwenda yasikotakiwa. Presha inaanguka. Figo zinakosa damu, vidole vinakosa."

"Kwa hiyo anayemuua ni nani?"

"Hajafa."

"Anayetaka kumuua, daktari."

"Mwili wake mwenyewe," akasema daktari, "unavyomtetea."

Akaeleza wanachofanya. Maji ya mshipa, kujaza kinachovuja. Dawa moja ya kuua vijidudu na nyingine ya kufunga kiwanda chao cha sumu, maana kuviua tu bila kufunga kiwanda hakutoshi. Na chupa mbili, hospitali nzima ilikuwa nazo mbili, za dawa iliyotolewa katika damu za watu wazima mamia. "Wakubwa wengi tumeshakutana na sumu hii kidogo kidogo bila kujua," akasema. "Damu zetu zimejifunza kuikamata. Yeye ana miaka minne, hajajifunza. Tunamwazima."

"Na usaha? Mbona hakuna usaha?"

"Ndiyo maana ugonjwa huu unawapita watu. Wanatafuta kidonda kibaya."

Dobi alimeza hilo. Lilishuka likikwaruza. Halafu, kwa kuwa mtu hawezi kukaa na jambo kama lile mikononi bila kumkabidhi mwingine, alitoka nje akamtafuta wa kumkabidhi.

Bibi alikuwa kwenye benchi la saruji karibu na bomba, mkoba mapajani. Aliinuka kwa magoti yake mabovu.

"Vipi, mama Kifungo? Naomba hicho kikadi nimtazame hata kidogo."

"Ulikiweka kikombe wapi?"

"Nini?"

"Kikombe. Jumamosi. Ulikiweka wapi?"

Watu walikuwa wanachota maji. Mmoja akafunga bomba ili asikie vizuri.

"Kwenye kigoda," akasema Bibi.

"Kwenye kigoda chenye kitambaa, mtoto wa miaka minne amesimama hapo. Ungekuwa mtu baki ningekuita mbele ya wakubwa. Sasa kaa hapo nje. Humo ndani hakuna kazi ya mtu wa kumwaga chai."

Bibi alikaa. Hakusema kwamba aliutaja mkono, Jumanne, kabla ya daktari yeyote. Dobi alingoja alitaje hilo ili apate kumjibu, na asipolitaja alimchukia zaidi.

Mume alipiga simu kutoka barabarani, sauti ikikatika. "Mama analia huko. Mwache aingie dakika tano tu."

"Aingie akafanye nini?"

"Ni bibi yake."

"Endesha lori lako," akasema Dobi, akakata.

Kwa siku tisa Bibi alikuja asubuhi, akakaa kwenye benchi hadi jioni, akarudi nyumbani. Dobi akipita kwenda bombani aliulizwa "Vipi?" na alijibu "Yupo." Hakuongeza. Kulikuwa na mengi ya kuongeza. Siku ya tatu Kifungo alijikojolea, kijiko kimoja tu, na wauguzi walifurahi kama walioona mvua. Siku ya nne homa ilishuka. Siku ya sita alisema "Mama, kiu," na Dobi akamnywesha taratibu hadi kikombe kikaisha. Vidole viwili vya mguu wa kushoto, vile vidogo vya mwisho, vilikuwa vimegeuka rangi, kwanza buluu, halafu rangi ya mkaa. Daktari alisema havitarudi, vitaondolewa atakapopata nguvu. Siku ya tisa ngozi ya viganja vya Kifungo ikaanza kubanduka, vipande vikubwa, kama glavu.

"Mama, tazama," akasema mtoto, "navua mikono."

Yote hayo kwa Bibi yalikuwa "Yupo."

Ilikuwa siku hiyo ya tisa daktari alipokuja na beseni dogo na bandeji mpya. Kidonda chenyewe, chanzo cha yote, kilikuwa karibu kupona, lakini kilitaka kufungwa wiki moja zaidi.

"Utamfunga mwenyewe mkitoka," akasema. "Wanasema una mkono mzuri. Nionyeshe."

Dobi alikuwa hajafanya kitu kwa ustadi kwa siku tisa. Alinawa hadi viwikoni. Akaikung'uta bandeji, akamkalisha mtoto mapajani, na midomo yake ikapokea ncha bila yeye kuiagiza. Akazungusha mara moja. Mara ya pili. Mizunguko ilikaa sawa kabisa, na akainua macho apate kuonekana.

Daktari alikuwa anatazama midomo yake.

Alinyoosha mkono, akaichomoa ile ncha polepole kama anavyonyang'anywa kitu mtoto mdogo asije akajikata. Dobi aliitazama ile ncha. Ilikuwa na unyevu, na mahali palipogusa mdomo wa juu, chini kidogo ya pua, palikuwa na mkunjo mdogo.

"Unashika hivi siku zote?"

"Mikono ikijaa." Sauti yake aliisikia ikitoka mbali. "Sote tunashika hivi. Vibanio. Ncha za mashuka."

"Na nyumbani, kitambaa ulikuwa unakichemsha."

"Nusu saa."

"Halafu pasi."

"Halafu pasi."

"Halafu hivi."

Kifungo akavuta bandeji, akataka imalizwe.

Daktari alimpangusa Dobi puani kwa kijiti chenye pamba, na ili asimnyooshee mtu mmoja kidole alimwita na Bibi kutoka kwenye benchi hadi mlangoni, akampangusa pia. Bibi aliinua pua yake bila kuuliza sababu. Majibu yalikuja baada ya siku mbili. Daktari alimwita Dobi kwenye chumba cha kuwekea dawa, akafunga mlango.

"Ya mkweo haina kitu."

"Na yangu?"

"Yako ina kijidudu kile kile kilichokuwa kwenye kidonda. Nisikilize kabla hujafika mbali. Watu watatu katika kumi wanatembea nacho puani, miaka na miaka, wala hakiwadhuru. Wauguzi wangu wanacho. Pengine na mimi. Siwezi kukuapia kwamba kilitoka kwako. Kingeweza kuwa kwenye ngozi ya mtoto tangu zamani."

"Lakini."

"Lakini vipimo tulivyonavyo vinasema ni kimoja."

Dobi alitazama rafu. Chupa zote zilikuwa zimegeuzwa majina mbele, kazi nzuri ya mtu fulani.

"Mimi hakinidhuru kwa nini?"

"Damu yako imekizoea. Ilijifunza zamani."

"Nikampa mtoto kijidudu, nikabaki na kinga yake."

Daktari akatoa kitubu cha dawa ya kupaka. "Puani, mara mbili kwa siku, siku tano. Siku hizo tano usimkaribie. Ana kidonda kingine mguuni sasa, na Jumatatu vile vidole vinaondolewa. Unaye mtu wa kushika kikadi?"

Alikuwa naye. Alikuwa kwenye benchi, karibu na bomba, kwa siku ya kumi na moja.

Kutoka chumba cha dawa hadi bombani ni hatua kama hamsini, na Dobi alizitembea akiwa na sababu tatu tayari. Moja, amechoka, anahitaji kulala. Mbili, wamemwita kazini. Tatu, utaratibu wa wodi umebadilika. Yoyote kati ya hizo ingetosha. Bibi angekipokea kikadi kwa mikono miwili na kushukuru, na jambo lingebaki kati ya Dobi, daktari na kijiti cha pamba. Lile la kikombe lingebaki pale lilipo.

Bibi aliinuka. "Vipi?"

"Kaa, mama."

Wakakaa wote wawili. Dobi akakiweka kikadi juu ya benchi katikati yao.

"Kilitoka puani kwangu," akasema.

"Nini?"

"Hicho kilichomla. Kilikuwa puani mwangu. Nilikuwa nashika kitambaa kwa mdomo nikimfunga. Kila asubuhi. Daktari kasema yako haina kitu."

Bibi alitazama bomba. Mwanamke mmoja alikuwa anaosha chupa ya maji, akaitikisa, akaimwaga, akaondoka.

"Chai nilimwaga mimi," akasema Bibi.

"Chai ingepona kwa wiki moja."

"Ndiyo. Ingepona." Alikubali hivyo hivyo, bila kupunguza, na Dobi akagundua kwamba alikuwa ametegemea apunguziwe. "Na pale bombani, siku ile, watu waliokusikia walikuwa wanane. Niliwahesabu. Leo nimekaa na wewe, bomba halina mtu."

"Unataka niwaite?"

"Sitaki kitu. Nasema tu ulivyochagua saa."

Dobi hakuwa amechagua saa, lakini hilo halikuwa la kumwambia mtu.

"Siku tano," akasema. "Siruhusiwi kuingia. Jumatatu wanamtoa vidole viwili vya mguu."

Bibi akageuka mzima mzima. Hilo alikuwa hajaambiwa. Siku kumi na moja za "Yupo" zilipita usoni mwake moja baada ya nyingine, na Dobi alizitazama zikipita, maana alistahili kuzitazama.

"Vipi?"

"Vidogo. Mguu wa kushoto. Atatembea, daktari kasema atatembea vizuri tu."

Bibi alichukua kikadi. Alijiinua kwa kushika ukuta, akakataa mkono. Alipofika mlangoni mlinzi alimuuliza jina la mgonjwa, akalisema lote, la mtoto na la baba na la babu, kwa sauti kubwa, kisha akaingia.

Dobi alikuja kila siku. Kufulia walimwambia apumzike hadi amalize dawa, na Pasi, aliyejua kila kitu kabla ya saa sita, alimpitia kwenye benchi akasimama akitafuta utani, asiupate. Mwishowe alisema tu kwamba yeye tangu juzi vibanio anaviweka kiunoni, na wengine pia, na kwamba vinaanguka ovyo, kazi haiendi.

Jioni ya siku ya kwanza Bibi alitoka. Dobi alijitayarisha kupokea neno moja.

"Amekula ndizi nzima na nusu ya mkate," akasema Bibi, akikaa. "Nusu nyingine kampa mwanasesere wa kitanda cha pili, kwa hiyo nimeila mimi. Homa hakuna. Ngozi ya kiganja cha kulia imetoka yote, chini yake pako laini kama siku aliyozaliwa, nimepashika. Kalala saa moja na nusu mchana. Ameota, kasema 'sitaki', sijui hataki nini. Muuguzi mnene wa zamu anampenda, yule mwingine ana haraka. Mguu nimeufunika, hajauona vizuri bado. Nitamwambia mimi, au unataka umwambie wewe?"

Hakuacha kitu. Kila alichokula, kila alichosema, hadi upande aliolalia. Dobi alisikiliza yote, na hakujua kama ni wema au ni kisasi, na mtu wa kumuuliza alikuwa ni huyo huyo.

"Mwambie wewe," akasema. Halafu, "Na mkojo?"

"Mkojo upo. Mwingi. Rangi nzuri."

"Ameniuliza?"

"Ameuliza mara nne."

"Umemwambia niko wapi?"

"Nimemwambia mama yako anaumwa pua."

Dawa ilikuwa inamwasha Dobi puani na macho yalikuwa yanamtoka machozi, jambo ambalo karatasi ya ndani ya kisanduku ilisema linaweza kutokea.

"Akasemaje?"

"Alicheka," akasema Bibi. "Alicheka hadi muuguzi akaja kutazama. Kasema nikuletee ujumbe, hiyo pua uipulize vizuri."